Rihani ya Kula

Rihani ikinukia, watu wengi wa kwetu Mombasa huona mambo mawili: harusi au kaburi. Mimi nasikia njaa. Wallahi, njaa ya kweli, ya tumbo kunguruma. Juzi nilikuwa nimesimama uani kwa Nyanya, Kibokoni, mkasi mkononi, nakata matawi ya mrihani wake siku ya kumzika, macho yamevimba kwa kulia, na huku mate yananijaa mdomoni. Niliona haya. Nikamwangalia Mama, naye akaniangalia, nikajua kuwa hata yeye yuko kule kule nilikokuwa mimi: Dubai, kwenye soko la Waitaliano, mbele ya kile kitu cha mviringo kilichotoka jikoni kikifuka mvuke.

Hebu nieleze, maana wewe uliyekuwa mtoto miaka ile niliyokuwa mtoto mimi hutachelewa kunielewa.

Tulikuwa tukikaa Discovery Gardens, kwenye yale majengo yaliyofanana mpaka ukitumwa dukani unarudi kubisha mlango wa watu. Baba alifanya kazi Ras Al Khor, kwenye duka la vipuri vya magari yaliyotumika, na kila jioni aliingia ndani na harufu ya oili iliyoshinda sabuni zote za Mama. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao wa pekee, kimbaumbau, magoti makubwa kuliko mapaja. Tukikaa mezani Baba alikuwa akinisogezea nyama na kuniambia, "Kula unone, Idi tukuchinje." Nilicheka kila siku kama sijawahi kuisikia. Kwa hiyo hilo neno, nona, nililijua vizuri sana. Lilikuwa neno la chakula na la kupendwa.

Kisha Babu akafa, babake Mama. Tulipanda ndege usiku huo huo kwenda Mombasa, na katika yote yaliyopita kule mimi nilishika kitu kimoja. Nilimwona Nyanya ameinama uani, anakata rihani tawi baada ya tawi, halii kwa sauti, machozi yanadondoka tu kwenye majani. Akafunga fungu kubwa akawapa wanaume waliokuwa wakiondoka na jeneza. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu, ile inapelekwa wapi? Akaniambia, "Ya kumwekea Babu." Basi, khalas. Kichwani mwangu rihani ikawa jani la maiti, na tangu siku hiyo nikipita karibu na ule mrihani nilikuwa nikibana pumzi.

Nyanya alipomaliza eda, Baba alimfanyia viza aje kwetu abadilishe hewa kidogo. Alikuja. Lakini yule niliyemzoea, aliyekuwa akinibeba mgongoni na kunipandisha ngazi huku akiimba, hakuja yeye. Alikuja bibi mwembamba, buibui linamteleza mabegani, anakaa kwenye kochi letu pembeni kabisa kana kwamba anangoja kuitwa. Na hali kitu. Mama alipika vyote: samaki wa kupaka, mkate wa sinia, kaimati, mbaazi za nazi. Alimpakulia kwenye sahani nzuri ya maua, akamwekea mbele yake pale mezani, na Nyanya alikuwa akikoroga koroga, anachukua tonge moja la ukubwa wa hirizi, kisha anasukuma sahani. "Alhamdulillahi, nimeshiba mwanangu." Ameshiba nini? Kikombe cha chai ya rangi tangu asubuhi!

Siku moja mchana Baba alikuja kula nyumbani, nami nilikuwa chini ya meza ya jikoni na mdoli wangu. Mama akafungua bomba maji yamwagike ili Nyanya asisikie sebuleni. Nilimwona anafuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Viza yake inakwisha," akasema. "Nikimrudisha namna hii, nitakuwa nimemrudisha kwenda kuzikwa." Hofu iliyoniingia pale chini ya meza mpaka leo naweza kuionja. Kichwani nilimwona Nyanya amelala, na mtu mwingine ameinama uani anamkatia rihani.

Sasa, siku chache baadaye Mama alinichukua kwenda kwenye lile jumba kubwa la maduka kununua viatu vya shule, na tulipokuwa tukitoka tukapita mbele ya soko la Waitaliano. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Soko, lakini ndani ya jumba, lina baridi na linanukia mkate. Watu wananunua na watu wanakula hapo hapo, katikati ya bidhaa. Na juu kabisa, ukutani, kwenye ubao wa herufi kubwa za mbao, palikuwa pameandikwa maneno nisiyoyajua isipokuwa moja. Lile nililijua. Nikalisoma kwa sauti: NONNA.

Herufi za N zilikuwa mbili pale katikati. Mimi mwenyewe nikajijibu kwamba wameongeza ili kukazia. Nonna kabisa. Nonna hasa.

Jioni ile, Nyanya alipokwisha kusukuma sahani yake, nikasema, "Nyanya, mimi nimepaona mahali wanakonenepesha watu."

"Wapi huko?" akauliza Baba.

"Kule madukani. Pameandikwa ukutani. Nona."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma mwenyewe! Muulize Mama, si tulipita? Watu wote mle ndani walikuwa wanakula na wote walikuwa wanene."

Hapo Baba alicheka, na Mama akacheka kidogo, lakini mimi sikucheka. Nilianza kulia. Nililia mpaka kwikwi, nikimshika Nyanya buibui, nikimwambia twende, twende, viza haijaisha, twende. Nyanya alinitazama kwa yale macho yake ya siku zile, ya mbali. Alisema hana hamu ya kutembea, atakwenda wapi na huzuni yake. Halafu akanifuta kamasi kwa ncha ya mtandio. "Haya. Kama ni hilo tu la kukunyamazisha, nitakwenda."

"Yalla," akasema Baba upesi kabla hajabadili nia. "Ijumaa, baada ya swala."

Jamani, lile soko. Mimi nimekwenda kwenye masoko mengi tangu hapo, lakini hakuna lililoniingia moyoni kama lile. Kulikuwa na jibini za mviringo zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ungeweza kuikalia kama kigoda. Kulikuwa na ukuta mzima wa mafuta ya zeituni, chupa za kijani na za dhahabu, na taa zimewashwa nyuma yake. Mikate yenye maganda yaliyopasuka ilitolewa kwenye tanuri kwa koleo refu la mbao. Mashine ya kahawa ilikuwa ikifoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Na nyanya! Meza nzima ya nyanya za kula, nyekundu, za manjano, nyeusinyeusi, nyingine zimejikunja makunyanzi, nyingine ndogo kama zabibu. Baba, ambaye kwa kawaida hakuna kitu kinachomshangaza, alisimama akasema, "Ama hawa watu wanajua kula." Alisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayesifia gari zima.

Nyanya alitembea ameshikwa mkono na Mama. Nilimwonyesha ubao. "Pale! Unaona?" Akatikisa kichwa tu. Aliuliza jambo moja, kama hapa hamna haramu, na Baba akamhakikishia kuwa amekwisha kuuliza mlangoni, hapa nguruwe hayumo wala pombe hamna. Tukaendelea. Mpaka tulipofika kwenye kioo ambacho nyuma yake mwanamume mmoja, aproni nyeupe, mikono imejaa unga, alikuwa akikanda donge na kulipitisha kwenye mashine, linatoka shuka refu jembamba, analikata nyuzi nyuzi na kuzining'iniza kwenye fimbo.

Nyanya akasimama mwenyewe. Hakuna aliyemsimamisha. "Hizi si tambi hizi?"

"Tambi," akasema Mama taratibu.

"Loo. Na sisi tulikuwa tukizianika uani hivi hivi, ikikaribia Ramadhani. Kwenye kamba. Babako alikuwa akifukuza paka." Akasogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

Yule mtengeneza tambi akainua kichwa. Akamwona Nyanya, akatabasamu meno yote nje, akafungua mikono yake yenye unga. "Nonna!" akaita. "Nonna! Prego, prego!"

Nyanya alirudi nyuma. Akanigeukia. "Huyu ananiambia ninone?"

"Si nilikwambia!" nikasema, nimejaa ushindi.

"Mimi?" Akakaza mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje Dubai kumsikia amepandisha sauti. "Mimi mbuzi? Mtu mzima na mvi zangu, kijana wa watu ananiambia ninone mbele ya halaiki? Mimi mbuzi?"

Baba akageukia ukuta wa mafuta ya zeituni, akajifanya anasoma chupa. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Na yule maskini wa Mungu nyuma ya kioo akazidi kupunga mkono, "Nonna, Nonna," huku Nyanya anazidi kumkazia macho.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja mfanyakazi wa mle ndani, amebeba sahani tupu, sare nyeusi, nywele zimebanwa nyuma. "Woi, ni Kiswahili naskia hapa? Nyinyi ni wa Kenya?" Jina lake Nafula, alisema, kwao Bungoma, na siku nyingi hajasikia mtu akigomba kwa Kiswahili kizuri hivyo.

"Mwanangu," akasema Nyanya, "hebu nisaidie. Huyu bwana ana nini na mimi? Kwa nini ananiambia ninone?"

Nafula alicheka mpaka akaziweka zile sahani chini. "Hapana, shosho! Hajakutusi. Hiyo ni Kitaliano. Nonna ni nyanya."

Nyanya akatazama ile meza ya nyanya nyekundu. Akatazama tena buibui lake. "Sasa ndiyo nini kuniita nyanya? Mimi nimefanana na nyanya wapi?"

"Aki si nyanya ya kula! Nyanya ya mtu! Mama ya mama. Wewe! Anakusalimia kwa heshima, anakuita nyanya yake. Hata huko juu imeandikwa hivyo, ati hiki ni chakula kinapikwa vile nyanya alikuwa anapika."

Mama alikuwa ameshika mdomo kwa kicheko. Baba alikwisha kushindwa, ameegemea rafu. Hata Nyanya pembe za mdomo zilimcheza. Lakini mimi nilisimama pale nikahisi sakafu inazama. Kumbe si nona. Kumbe ni nyanya tu. Kumbe hapa hawanenepeshi mtu yeyote, na viza inakwisha, na nimemleta bure. Nilianza kulia tena, safari hii bila sauti, ndiyo mbaya zaidi.

"Na huyu?" akauliza Nafula.

Mama akamwinamia Nafula akamwambia kwa sauti ya chini. Nilisikia tu, "Hali. Tangu afiwe, hali kitu." Nafula akaacha kucheka. Akamwangalia Nyanya vizuri, ile mikono, ile shingo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwenye nyumba, "Shosho, keti hapa. Mimi nitakuletea."

Tulikaa. Mbele ya kila mmoja palikuwa na sahani na kisu na uma, vimepangwa vizuri, na nikamwona Nyanya anaitazama ile sahani yake nyeupe kama alivyokuwa akiitazama ya maua nyumbani. Nafula alirudi amebeba ubao mkubwa wa mviringo. Akazikusanya sahani zote kwa mkono mmoja akazipeleka kando, akauweka ubao katikati yetu. Piza moja kubwa, kingo zimevimba na kuungua kidogo, nyanya nyekundu, jibini nyeupe imeyeyuka madimbwi madimbwi. "Hii mnakula nyote," akasema. "Na mkono."

"Sinia moja?" akauliza Nyanya.

"Sinia moja, shosho."

Na juu yake, mabichi, ya kijani kibichi kabisa, yakianza kunywea kwa joto, majani. Harufu ikapanda. Niliitambua kabla sijayaona. Nyanya aliitambua pia, maana alitulia tuli, mkono wake hewani. Mama akawahi kunyoosha vidole ayaondoe.

"Usile!" nikapiga kelele. Watu wa meza za pili waligeuka. "Nyanya usile! Hiyo ni ya maiti!"

Nyanya alimshika Mama mkono. "Wacha." Akachukua jani moja, akalifikicha, akalipeleka puani akafumba macho. Sikuthubutu kupumua.

"Nani kakwambia rihani ni ya maiti?"

"Nilikuona. Ulimkatia Babu."

"Ehe, nilimkatia." Alifungua macho, na machozi yalikuwepo, lakini yale macho ya mbali hayakuwepo. "Siku nilipoolewa nilivaa kikuba cha asmini na rihani. Babu yako harufu ile haikumtoka kichwani. Mpaka uzeeni, akitoka msikitini anapita uani, anachuma kijitawi, ananichomeka hapa." Akagusa chini ya mtandio, nyuma ya sikio. "Ilikuwa rihani yangu mimi. Nikampa aende nayo. Ya maiti! Wewe mtoto wewe!" Akalitazama lile jani, akaitazama piza, akawatazama wale watu wote wa meza nyingine wanaotafuna majani bila wasiwasi. "Na wenzetu kumbe wanaila! Juu ya mkate! Laiti babu yako angeona!" Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama anafuta kicheko au kilio.

Mama alichagua kipande kizuri kuliko vyote, kile chenye jibini nyingi na jani katikati, akakipuliza, akakisogeza pole pole mpaka upande wa Nyanya. Wakati ule sikuelewa kwa nini Nyanya alikitazama kile kipande namna ile. Mama ndiye aliyenieleza baadaye: Babu na Nyanya walikula sinia moja tangu siku ya harusi yao. Babu ndiye aliyekuwa akitoa miiba ya samaki na kuusogeza mnofu upande wa mkewe, kila mlo, miaka yote.

"Bismillahi," akasema Nyanya. Akala.

Akala chote. Akavunja kipande cha pili, na mafuta yanamtiririka kwenye vidole, kisha akainua uso akatukuta sote watatu tumeganda. "Mbona mnanikodolea macho? Kuleni! Mimi kula peke yangu sijui."

Nilimwona Mama amefumba macho. Tulikuwa tumemwekea sahani yake peke yake, ya maua, nzuri, mlo baada ya mlo, tukidhani tunamheshimu.

Jioni ile ile Baba aliisukuma meza yetu ukutani. Tukatandika mkeka, tukaanza kula chini, sinia moja. Kwenye roshani palikuwa na kopo la rihani, maana walikuwa wakiuza miche yake mle sokoni na Nafula alituchagulia iliyochangamka. Nyanya aliimwagilia kila asubuhi na kuimega kila mchana. Aliitia kwenye kachumbari, kwenye mayai, hata kwenye maharage. Siku tuliyompeleka uwanja wa ndege, buibui lilimkaa. Baba akamtania, "Mama, sasa umenona."

"Mimi mbuzi?" akasema Nyanya, akanipiga busu kipajini.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Majirani wa Kibokoni walisema Dubai imemharibu, anakula vitu vya makaburini, naye alikuwa akiwacheka tu. Kwetu sisi alisema jambo moja, alilirudia kila tukija likizo: "Siku yangu ikifika, ule mrihani nusu nipeni, nusu kuleni."

Kwa hiyo juzi nilikata mafungu mawili. Wanaume waliondoka na moja. Tulipobaki wanawake watupu, nyumba imejaa, niliingia jikoni nikapasha mikate ya mofa, nikaikatia nyanya nyekundu juu, nikaosha lile fungu la pili nikayatawanya majani yakiwa bado na maji. Sinia moja. Nikaliweka mkekani mbele ya Mama. Mama alikuwa hajala tangu siku iliyotangulia. Kila aliyemwekea sahani aliambiwa alhamdulillahi, nimeshiba.

Nilichagua kipande kizuri kuliko vyote. Nikakipuliza. Nikakisogeza mpaka upande wake.

"Kula unone," nikamwambia.

Alikitazama, akanitazama.

"Mimi mbuzi?" akasema Mama, akanyoosha mkono.